Nani alipie daktari wa Tura?

Msafara wa kutoka pwani ulipofika Tura, wapagazi walishusha pumzi. Nyuma yao walikuwa wameacha Mgunda Mkali, pori lililojulikana kwa kiu, na kabla ya pori hilo Ugogo, ambako kila mtemi alidai hongo ya njia kabla msafara haujachota maji yake. Mbele ilianza Unyamwezi, nyumbani kwa wengi waliobeba mizigo ile. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857, wakaingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Siku hizo zote hazikuwa za kutembea. Nyingine ziliishia kwenye kukaa kitako na kujadiliana: vitambaa vya merikani kiasi gani, vya kaniki kiasi gani, na shanga za rangi ipi.

Hongo ile ilikuwa na hoja yake. Visima vilikuwa vya wenyeji, nchi ilikuwa kame, na msafara wa mamia ya watu ungeweza kukausha kisima kwa siku moja. Kilichowachosha wenye misafara ni kutokuwapo kwa bei. Mtemi aliangalia wingi wa mizigo, akapima haraka ya mwenye mali, ndipo akataja kiwango. Ukimalizana naye leo, keshokutwa unakutana na mwenzake. Hakuna aliyeondoka Bagamoyo akijua Tabora itamgharimu kiasi gani.

Hivyo hivyo ndivyo anavyoondoka leo kijana wa Tura, wilayani Uyui, anayekwenda kusomea udaktari, sheria au uhandisi.

Ichukue fomu ya kujiunga na chuo uisome hadi mwisho. Mwanzoni kuna pongezi, kisha jedwali. Juu kabisa ipo ada ya mafunzo, ile ambayo familia iliiona kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ikaipangia. Chini yake inafuata familia nzima ya michango: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, dhamana ya uharibifu, Sh20,000 ya udhibiti ubora inayokwenda TCU, na Sh50,400 ambayo wanafunzi wasio na kadi wamekuwa wakilipia bima ya afya. Halafu, kwa kozi za fani, kuna mstari unaoitwa mahitaji maalum ya kitivo. Humo ndimo yalimo koti jeupe, stetoskopu na mashine ya kupimia presha kwa mwanafunzi wa udaktari, na kompyuta mpakato na vifaa vya kuchorea kwa msanifu majengo. Mwisho kuna mafunzo kwa vitendo, na mara nyingi onyo kwamba viwango vinaweza kubadilika.

Sina ugomvi na kozi kutofautiana bei. Anayesema kumfundisha daktari na kumfundisha mwanahistoria kunagharimu sawa hajawahi kuingia chumba cha anatomia. Mwalimu wa historia anaweza kuhutubia ukumbi wa watu mia tatu, wote wakamsikia. Mwalimu wa upasuaji hawezi kuwapanga mia tatu kuzunguka kitanda kimoja cha mgonjwa. Anahitaji makundi ya watu wachache, tena yeye mwenyewe ni daktari ambaye muda wake wodini una thamani. Maiti za kujifunzia huhifadhiwa kwa dawa, maabara hula kemikali kila wiki, na mhandisi asiyewahi kushika mashine atajifunzia kwenye daraja letu. Gharama hiyo ipo, na chuo kinachoificha kitaishia kutoa vyeti vitupu. Tumeyaona: Julai 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu za ubora.

Ugomvi wangu uko kwenye swali la nani abebe gharama hiyo, na aibebe wakati gani. Hoja inayosikika sana kwenye mabaraza ya vyuo ni kwamba mwanafunzi wa fani atakuja kupata mshahara mnono, kwa hiyo alipe zaidi leo. Kwa sikio la Dar es Salaam hoja hiyo inaingia. Kwa sikio la Tura haiingii hata kidogo, kwa sababu inamtoza mtu kwa mshahara ambao hajaupata, na ambao huenda asiupate. Ajira za afya serikalini hutangazwa kwa awamu, waombaji wakiwa wengi kuliko nafasi. Mwanasheria mpya anaweza kukaa miaka ofisini kwa mtu akibeba mafaili kwa nauli tu. Na yule anayepangiwa zahanati ya kijijini, ambaye ndiye tunayemlilia, hatajirika. Ukiipandisha ada kwa kumwangalia bingwa wa hospitali binafsi ya mjini, unakuwa umewafundisha wahitimu wote kutafuta hospitali binafsi ya mjini, maana kwingine deni halitarudi.

Tazama jinsi bei ilivyo sasa. Udaktari katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, umekuwa na ada ya chini ya Sh2 milioni kwa mwaka. Katika vyuo vya afya vya taasisi za dini na vya watu binafsi, ada ya kozi ile ile hupita Sh4 milioni. Tofauti hiyo haina maana kwamba maiti ya kujifunzia ni nafuu Upanga, kilipo MUHAS, kuliko Moshi au Mwanza. Maana yake ni kwamba Upanga mlipa kodi amekwisha kutoa sehemu yake kabla bili haijaandikwa. Wahitimu wa vyuo vyote hivyo hupita kwenye baraza moja la madaktari, huingia kwenye mafunzo ya uinterni katika hospitali zile zile, na wakiajiriwa serikalini hulipwa kwa ngazi moja ya mshahara. Ila mmoja ameanza kazi akiwa na deni la familia nzima, mwenzake hana.

Jirani zetu wametangulia kwenye njia hii, na mafunzo yake yapo wazi kwa anayetaka kuyasoma. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na kitivo cha sheria kilikuwa miongoni mwa vilivyofungua njia kwa masomo ya jioni. Fedha zilipatikana, hilo halina ubishi. Lakini Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu mageuzi ya chuo hicho, alionyesha kilichofuata: vitivo vikaanza kugombania wanafunzi wanaolipa, kozi zikatungwa kufuata soko, na elimu yenyewe ikawa ya pili. Kitivo kinachoishi kwa ada maalum kitamtafuta mwenye ada, popote alipo, na Tura hakitamkuta.

Kenya ilifuata kwa mpango sambamba, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kiliuanza mwaka 1998. Kwa miaka mingi, waliokosa nafasi ya serikali kwa pointi chache waliingia udaktari na sheria kwa mfuko wa mzazi. Mwaka 2016 usimamizi wa mtihani wa kidato cha nne ukakazwa, waliopata C+ na kuendelea wakashuka hadi 88,929, na karibu wote wakatosha kwenye nafasi za serikali. Soko la sambamba likakauka, vyuo vikabaki na majengo na madeni. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya, kila kozi ikatajwa kwa gharama yake kamili na kila familia ikapangwa kwenye kundi la uwezo wake. Wazazi wengi walishtuka kusoma bei ya udaktari kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kuzoea ada ya Ksh16,000. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unavunja Katiba, na mvutano ukahamia kwenye rufaa. Kenya walikuwa na ujasiri wa kuitaja bei halisi, na hilo nawapa. Walikosea kuwapanga watu kwenye makundi kwa fomula ambayo mzazi hakuielewa wala hakuweza kuipinga kabla mtoto hajaripoti chuoni.

Sisi tulianza vingine. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilifungua mlango Oktoba 1961 kwa kozi ya fani, sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mzazi hakuuza shamba. Serikali iligharimia, na msomi akawa na ahadi ya kuitumikia nchi. Ahadi hiyo haikuwa tamu kwa wote. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana na ukali wake hadi kesho. Hesabu yake haibishaniki: aliyesomeshwa na wakulima ana deni kwao, na deni hilo hulipwa kwa kazi. Mwalimu aliyasema hayo akiwa mtoto wa shule ya Tabora, aliyeingia hapo mwaka 1937, akaenda Makerere, kisha Edinburgh kwa ufadhili. Angedaiwa mahitaji maalum ya kitivo kule Butiama, pengine historia yetu ingeandikwa vingine.

Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama. Mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya Bodi ya Mikopo, na mwaka uliofuata Bodi ikaanza kazi. Bodi imewavusha watu wengi, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ilipanda kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Tena imeonyesha kwamba masharti mabaya yanaweza kufutwa: mwaka 2021 Rais Samia aliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikilifanya deni la mhitimu kukua huku akilipa. Lakini mkopo hutolewa kwa vipengele, na wengi hawapati vyote. Mwanafunzi anaweza kupewa bumu kamili na asilimia kidogo ya ada. Aliyepangiwa chuo kisicho cha umma anaweza kukuta mkopo wa ada umeishia mbali na ada yenyewe. Pengo hilo ndilo linaloamua nani atakuwa daktari.

Pengo hilo sasa linaumiza kuliko zamani, kwa sababu nzuri. Elimu bila ada ilifika kidato cha nne mwaka 2016 na kidato cha sita mwaka 2022. Mtoto wa Tura anaweza kusoma tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita mzazi wake asidaiwe ada hata senti. Anafaulu fizikia, kemia na baiolojia. Halafu, kwenye hatua moja ya mwisho, anakabidhiwa bili ya mamilioni. Tumemjengea ngazi ndefu, tukaipachika dari juu yake.

Na bili hiyo haina habari na msimu. Mkulima wa Uyui hupata fedha mara moja kwa mwaka. Masoko ya tumbaku huendeshwa katikati ya mwaka, malipo hupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, na yakichelewa hakuna wa kumlaumu zaidi ya kusubiri. Asali nayo ina wakati wake, na mpunga ukiuzwa wakati wa mavuno huuzwa kwa bei ya kutupa. Chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati ule ule mkulima anapotafuta mbegu na mbolea. Mfumo wa malipo ukitoa namba ya kulipia, nayo ina tarehe ya mwisho. Hapo ndipo ng'ombe anauzwa kwa dalali aliyekwisha kujua kwamba una shida, na msimu unaofuata hakuna wa kulima. Ukimuuliza mzazi kwa nini mwanawe aliahirisha masomo, atakwambia hela haikutosha. Kwenye takwimu za chuo ataandikwa ameacha kwa sababu binafsi.

Wenye fani za sheria wana mlango mmoja zaidi. Ukimaliza shahada, huwezi kuwa wakili mpaka upite Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na ada yake inapita Sh1.5 milioni, mbali ya kula na kulala Dar es Salaam. Oktoba 2022 matokeo yake yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walifeli kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe. Mjadala wa wakati ule ulihusu nani mjinga, chuo au mwanafunzi. Wachache waliuliza swali la mzazi: kama ada ya miaka minne ya shahada haikumwandaa mwanangu kwa hatua iliyofuata, nililipia nini? Ukiuza fani kwa bei ya fani, unadaiwa fani. Huwezi kutoza kama chuo cha mawakili na kufundisha kama darasa la jioni.

Watu wa fedha wataniuliza: basi zitoke wapi? Nawajibu kwa kuanzia na mnufaika. Mama mjamzito wa Tura anayepasuka kizazi usiku hatibiwi na mshahara wa daktari, anatibiwa na daktari. Asipokuwapo, safari ni hadi hospitali ya Kitete, Tabora mjini, kwa gari litakalopatikana. Thamani ya daktari yule inabaki Tura, kwa mama, kwa mtoto na kwa shamba litakalolimwa mwaka unaofuata. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizishauri nchi, tangu mwongozo wake wa mwaka 2010 na ule wa 2021, kuwadahili wanafunzi waliotoka vijijini na kuwapa ufadhili wenye sharti la kurudi kutumikia, kwa sababu wao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kubaki huko. Kwa maneno mengine, ada inayomzuia kijana wa Tura inamnyima Tura daktari pekee ambaye pengine angekubali kukaa.

Kupunguza bei ya kozi peke yake hakutoshi, na Australia ni shahidi. Mwaka 2021 ilishusha ada za uuguzi na ualimu, ikapandisha za sheria na za sayansi ya jamii, ikitumaini vijana watahama. Wengi hawakuhama, na mwaka 2024 jopo la nchi hiyo lililopitia elimu ya juu likapendekeza mpango huo ubadilishwe. Lakini kitu kimoja walichokianza mwaka 1989 kimedumu: mwanafunzi haombwi fedha mlangoni, analipa kupitia kodi kipato chake kikifika kiwango fulani. Kisipofika, halipi.

Kwa hiyo ninalotaka ni haya. Kwanza, kila kozi ya fani iwe na bei moja, ya miaka yote, yenye kila kitu ndani yake: ada, michango, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na hatua ya mwisho ya kuingia kwenye taaluma. Bei hiyo ichapishwe kwenye mwongozo wa TCU kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, na isibadilike kwa mwanafunzi aliyekwisha kuingia. Chuo kinachotaka kuongeza kiongeze kwa wanaokuja, tena kionyeshe hesabu.

Pili, ziada ya gharama ya fani ilipwe na serikali kwa chuo, kwa kichwa cha mwanafunzi, awe Muhimbili au chuo cha Bugando, Mwanza. Mwanafunzi abaki na sehemu inayolingana na ya wenzake wa kozi nyingine, na mkopo uifikie yote.

Tatu, anayebebewa ziada hiyo atie saini ya kutumikia wilaya yenye upungufu, na kila mwaka wa kazi ufute sehemu ya deni lake. Asiyetaka kwenda Uyui yuko huru, ila arudishe fedha. Na mkataba ufunge pande zote mbili: serikali isipompa nafasi ya kazi ndani ya muda uliokubaliwa, deni la ziada life. Haiwezekani kijana adaiwe kwa kutokwenda mahali ambapo hakuitwa.

Nne, halmashauri na ushirika waweke mkono. Wilaya za tumbaku hukusanya ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Vyama vya kahawa vya Kilimanjaro na Kagera vilijenga shule kwa fedha ya wakulima wakati nchi haijawa na chochote. Halmashauri ikimlipia kila mwaka kijana mmoja wa udaktari na mmoja wa uhandisi, kwa jina na kwa mkataba, wananchi watajua ushuru wao umekwenda wapi, na watajua wa kumdai.

Bajeti ya mpango huu itapingwa kwamba ni kubwa. Waulizeni wanaopinga wanatumia kiasi gani kutibiwa wenyewe, na wapi. Kisha muwaombe wajumbe wa mabaraza ya vyuo, kabla ya kupitisha ada maalum ya mwaka ujao, waandike kwenye muhtasari wa kikao jibu la swali moja: kwa bei hii, ni mwanafunzi gani wa kutoka Tura atakayeweza kuripoti? Wakishindwa kumtaja, wasipitishe.